Nani Amvishaye Mtoto? Maleba, Shule na Majira katika Gwaride la Machipuko la Watoto wa Meksiko

Utangulizi

Kila mwaka, siku zinazoizunguka tarehe 21 Machi, barabara za mitaa mingi nchini Meksiko hufungwa kwa muda ili watoto wa chekechea wapite. Ni watoto wa umri wa miaka mitatu hadi sita. Mmoja huwa nyuki, wa pili kipepeo, wa tatu alizeti, wa nne sungura. Baadhi huendesha baiskeli za magurudumu matatu zilizopambwa kwa karatasi za rangi. Wengine hubebwa juu ya magari yaliyosheheni maua, pamoja na msichana aliyetawazwa malkia wa machipuko na mvulana aliyetawazwa mfalme wake. Walimu hutembea pembeni wakiwaongoza wanaochoka, na akina mama hufuata wakiwa na chupa za maji mkononi na bawa lililobanduka kwapani. Katikati ya wadudu na maua hayo huweza kutokea mvulana aliyevaa koti refu jeusi na tai ndogo, nywele zikiwa zimelazwa. Huyo si ua wala mdudu. Ni Benito Juárez, rais wa Meksiko aliyezaliwa tarehe 21 Machi 1806.

Mhakiki wa fasihi anaweza kuulizwa ana shughuli gani na tukio kama hili. Jibu letu ni kwamba gwaride hili ni sanaa ya maonyesho iliyokamilika. Lina watendaji, lina hadhira, lina uwanja wa kutendea na lina maleba. Kilichokosekana ni matini iliyoandikwa tu, nasi tuliozoea kuhakiki ngoma na miviga hatuwezi kulitupilia mbali kwa sababu hiyo. Aidha, gwaride hili linaibua upya swali ambalo limeusumbua uhakiki wa fasihi simulizi kwa muda mrefu, yaani swali la asili. Je, tukitaka kuielewa sherehe, ni lazima tuifuate nyuma hadi tambiko la kale kabisa tunaloweza kulipata?

Makala hii inadai kwamba sivyo. Tunanuia kuonyesha kwamba historia ya gwaride la machipuko ni historia ya mvutano kuhusu nani mwenye haki ya kumvisha mtoto na kumpitisha barabarani: kanisa, dola, shule au mzazi. Anayekimbilia asili ya kale huuficha mvutano huo, na mara nyingi huwachagua wale tu miongoni mwa mababu wanaompendeza.

Tatizo la Msamiati

Hatuwezi kuendelea kabla ya kuyakabili maneno yenyewe. Lugha ya Kiswahili imejaliwa msamiati tajiri wa majira: masika, vuli, kiangazi, kipupwe, kaskazi, kusi. Hakuna hata moja kati ya haya linalolingana na majira ambayo Wahispania huyaita primavera. Tunasema "majira ya machipuko" au "majira ya kuchipua", na kwa kusema hivyo tunakiri kwamba tunaeleza jambo la mbali.

Hata hivyo, umbali huo hautuhusu sisi peke yetu. Sehemu kubwa ya Meksiko ya kati imo ndani ya tropiki. Katika nyanda za juu za mji mkuu, mwezi Machi hauji na theluji inayoyeyuka wala na majani yanayozinduka baada ya miezi ya kulala. Huja katika kipindi cha ukavu. Mvua kubwa husubiriwa hadi karibu Mei au Juni, na Aprili na Mei ndiyo miezi yenye joto kali zaidi. Mtoto anayevishwa petali za karatasi mwezi Machi huko anaiigiza dunia inayoamka, ilhali mashamba yaliyo kando ya mji wake yangali yakingoja mvua. Machipuko anayoyatenda ni ya kifasihi kabla hayajawa ya hali ya hewa. Yamekuja na ushairi, na nyimbo na vitabu vya picha vya Ulaya.

Mti unaoitangazia Jiji la Mexico ujio wa majira hayo unatoa ushahidi mzuri. Ni mjakaranda, ambao wakazi wa Nairobi wanaujua vyema, ingawa wa kwetu huchanua kati ya Septemba na Novemba na wa kule huchanua kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yanasema kwamba Rais Pascual Ortiz Rubio, aliyetawala kati ya 1930 na 1932, alitaka jiji lipandwe micheri ya Kijapani kama ile ya Washington, na kwamba mtunza bustani Tatsugoro Matsumoto, Mjapani aliyekuwa amelowea Meksiko, alishauri kwamba majira ya baridi ya jiji hilo hayana ukali wa kutosha kuichanusha micheri. Badala yake ukapandwa mjakaranda. Leo hakuna rangi inayoonekana kuwa ya Kimeksiko mwezi Machi kuliko zambarau ya maua yake. Kitu kinaweza kuwa cha ugenini, tena cha juzi, na bado kikawa cha wenyeji kwa dhati.

Neno la pili ni lile la shule yenyewe. Wameksiko huita chekechea jardín de niños, yaani bustani ya watoto, tafsiri ya moja kwa moja ya neno la Kijerumani lililoundwa na Friedrich Froebel mwaka 1840. Msomaji atakumbuka kwamba nchini Tanzania shule ya namna hii iliitwa, na bado huitwa na wengi, shule ya vidudu. Huku mtoto ni mdudu mdogo. Kule ni mche. Gwaride la machipuko limeyachukua mafumbo yote mawili na kuyashonea nguo.

Mvuto wa Asili ya Kale

Atakaye kuiunganisha sherehe hii na Meksiko ya kabla ya uvamizi wa Wahispania hatakosa pa kushika. Diego Durán, padri wa shirika la Wadominiko aliyelelewa Meksiko tangu utotoni na kuandika katika karne ya 16, anaeleza ngoma iliyochezwa kwa heshima ya Xochiquetzal, mungu wa kike wa maua. Ilijengwa nyumba ya maua, ikasimamishwa miti ya kutengenezwa iliyojaa maua yenye harufu nzuri, na mungu huyo akaketishwa chini yake. Kisha walitokea wavulana waliovikwa kama ndege, na wengine kama vipepeo, kwa manyoya ya kijani, buluu, nyekundu na manjano. Walipanda miti hiyo wakahama tawi hadi tawi, wakijifanya kuufyonza umande wa maua. Watendaji waliovaa kama miungu walikuja na mirija ya kupulizia wakijifanya kuwawinda ndege hao, naye Xochiquetzal akatoka kuwalaki, akawashika mikono na kuwaketisha kando yake.

Ni vigumu kuusoma ukurasa huo bila kuwaona watoto wa leo. Vipepeo wapo, maua yapo, malkia yupo. Lakini ufanani si ukoo. Kwanza, Durán haifungi ngoma hiyo na mwezi Machi, na sikukuu ya Xochiquetzal anayoieleza kwingineko ilikuwa ya mwezi Oktoba. Ilikuwa sikukuu ya kuyaaga maua kabla ya jalidi, si ya kuyapokea. Pili, muswada wa Durán ulikaa Uhispania karne nyingi bila kuchapishwa, hadi ulipotolewa nchini Meksiko katika majuzuu mawili, la kwanza mwaka 1867 na la pili mwaka 1880. Mwalimu wa chekechea wa mwanzoni mwa karne ya 20 angeweza kuusoma kitabuni. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuupokea kwa bibi yake.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, anayedai urithi hana budi kuuchukua wote. Bernardino de Sahagún, mtawa Mfransisko aliyekusanya maelezo ya wazee waliozungumza Kinahuatl, anasimulia kwamba katika mwezi wa Tozoztontli, ulioangukia karibu na Machi na Aprili, watu walitoa sadaka ya maua ya kwanza ya mwaka, na kabla ya hapo hakuna aliyethubutu kuyanusa. Huyu ni babu anayekubalika. Lakini katika miezi iyo hiyo ya ukavu, kuanzia Atlcahualo, walikuwapo watoto waliovikwa maleba ya karatasi, wakapambwa kwa manyoya na maua, wakabebwa juu ya machela hadi milimani, wakatolewa kafara kwa Tlaloc na miungu wenzake ili mvua inyeshe. Walipolia njiani, watu walifarijika, kwa kuwa machozi yalikuwa dalili ya mvua.

Yeyote anayesema kwamba gwaride la machipuko ni mabaki ya Waazteki huwa amemchagua mvulana kipepeo wa Durán akamwacha mtoto wa karatasi wa Sahagún. Hatusemi haya ili kuutia doa utamaduni uliokwisha kutiwa doa vya kutosha na waliouvunja. Tunayasema ili kuonyesha kwamba asili haipatikani tu; huchaguliwa, na uchaguzi huo hufanywa na watu wa leo kwa haja za leo. Ikiwa tutautumia ukurasa wa Sahagún kwa lolote, basi ni kutukumbusha kwamba kumvisha mtoto na kumpitisha mbele ya watu hakujawahi kuwa mchezo mtupu. Jamii humvisha mtoto pale inapotaka kitu.

Barabara Iliyoachwa Wazi

Kwa karne tatu za utawala wa Wahispania, kanisa ndilo lililomiliki barabara. Misafara ya watakatifu iliipa miji kalenda yake na ramani yake, na watoto walikuwa na nafasi humo. Baadhi ya desturi hizo zipo hadi leo. Katika sikukuu ya Mwili wa Kristo, ambayo watu wengi huiita Siku ya Nyumbu, watoto huvalishwa nguo za Wahindi na kupelekwa kanisani wakiwa na vikapu vya matunda. Tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe, wavulana huvalishwa kama Juan Diego. Mwezi Mei, wasichana waliovaa meupe humpelekea Bikira maua altareni. Kwa hiyo, mtoto aliyevishwa na mtoto mwenye maua ni sura ambazo macho ya Wameksiko yalikuwa yamezizoea kabla shule haijazichukua.

Aliyeivunja milki ya kanisa juu ya barabara ni Juárez. Alizaliwa Guelatao katika milima ya Oaxaca, akawa yatima angali mdogo, akachunga kondoo za ami yake, na alipoondoka kwenda mjini Oaxaca tarehe 17 Desemba 1818 lugha yake ilikuwa Kizapoteki. Akawa wakili, gavana, jaji mkuu na, tangu 1858 hadi kifo chake tarehe 18 Julai 1872, rais. Sheria za Mageuzi za serikali yake zilitaifisha mali ya kanisa. Amri ya tarehe 11 Agosti 1859 ilipunguza sikukuu rasmi na kuwakataza maafisa wa serikali kuhudhuria ibada kwa jina la ofisi zao. Sheria ya tarehe 4 Desemba 1860, iliyotangaza uhuru wa kuabudu, ilizuia ibada za hadhara nje ya makanisa bila ya idhini. Sheria ya mwaka 1874, chini ya mrithi wake Sebastián Lerdo de Tejada, iliukaza msimamo huo.

Hapa kuna kinaya ambacho mhakiki hawezi kukipita. Katika siku ya kuzaliwa ya mtu aliyeiondoa misafara barabarani, barabara hujazwa msafara. Una mpangilio uleule: wadogo mbele, aliyetukuka juu ya jukwaa linalosogea, wazazi kando ya njia. Sisi tunaoijua zefe ya Maulidi mjini Lamu, na nafasi ya wanafunzi wa madrasa ndani yake, tunaelewa kwa nini umbo hili halifi kwa urahisi. Msafara huiambia jamii: hawa ni wetu, na njia hii ni yetu. Dola ya kilimwengu ilipoliondoa kanisa barabarani haikuondoa haja ya kusema hivyo. Iliiacha nafasi wazi, na nafasi hiyo ikasubiri wa kuijaza.

Kwamba kuzaliwa kwa Juárez kuliangukia karibu na ikwinoksi, ambayo huwa tarehe 20 au 21 Machi, ni sadfa tupu. Lakini sadfa ikipata taasisi ya kuitunza huwa mapokeo. Porfirio Díaz, ambaye mwaka 1871 alimwasi Juárez, ndiye aliyeadhimisha kwa fahari miaka 100 ya kuzaliwa kwake mwaka 1906, na mwaka 1910 akafungua mnara wa marumaru kwa heshima yake katikati ya mji mkuu. Shule zilifundishwa kuikumbuka tarehe 21 Machi. Tangu 2006 mapumziko rasmi yamehamishiwa Jumatatu ya tatu ya Machi, ila walimu na wazazi bado huzihesabu siku kwa tarehe ile ya kale.

Bustani ya Froebel

Mwenye kuijaza nafasi hiyo alitoka Ujerumani. Froebel, aliyezaliwa 1782 na kufa 1852, aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, kuimba na kulima. Katika chekechea yake kila mtoto alikuwa na kitalu chake cha kupanda, na michezo ya viungo iliwataka watoto waige ndege wanaotoka kiotani na kurejea. Fumbo lake lilikuwa wazi: mtoto ni mmea, mwalimu ni mtunza bustani. Serikali ya Prussia iliona hatari katika mawazo hayo, ikazipiga marufuku chekechea kuanzia 1851 hadi 1860. Hilo litukumbushe kwamba hata bustani ya watoto ilipata kuwa jambo la siasa.

Mawazo ya Froebel yaliingia Meksiko hatua kwa hatua. Enrique Laubscher, Mjerumani, aliyatumia katika Shule ya Mfano ya Orizaba iliyofunguliwa 1883. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya uongozi wa Justo Sierra, walimu wanawake wawili walitumwa Marekani kuchunguza chekechea za huko: Estefanía Castañeda na Rosaura Zapata. Mwaka 1904 kila mmoja wao akaongoza chekechea katika mji mkuu, moja ikiitwa kwa jina la Froebel na nyingine kwa jina la Pestalozzi. Hapa ndipo tunapopata, pasipo haja ya kukisia, mazingira ambamo mtoto wa Meksiko angeweza kuwa ua au nyuki bila kanisa na bila Xochiquetzal. Alikuwa ua kwa sababu shule yake ilikuwa bustani.

Lakini bustani hiyo ilikuwa ya nani? Nyimbo, hadithi na picha zilizotumika zilitoka Ulaya na Marekani, pamoja na majira yake manne na wanyama wake. Baada ya Mapinduzi ya 1910 swali hilo halikuweza kukwepwa. Zapata, aliyekabidhiwa ukaguzi mkuu wa chekechea mwaka 1928, alitaka shule hizo zimlee mtoto wa Kimeksiko, si nakala ya mtoto wa kigeni. Mwaka 1954 akawa mtu wa kwanza kutunukiwa nishani ya Belisario Domínguez, heshima kubwa ya Seneti ya nchi hiyo. Maisha yake yanaonyesha kwamba chekechea haikuwa pembe ndogo ya elimu waliyoachiwa wanawake; ilikuwa mahali ambapo wanawake hao waliifanya kazi ya kuliunda taifa kwa mikasi na gundi.

Dola Inayobuni Sikukuu

Miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa miaka ya kubuni. Wizara ya Elimu iliundwa 1921 chini ya José Vasconcelos, aliyeamini katika maonyesho makubwa ya hadhara, na uwanja wa taifa ukafunguliwa 1924 kwa ajili hiyo. Sikukuu ya Akina Mama ya tarehe 10 Mei ilizinduliwa 1922 na gazeti la Excélsior kwa kuungwa mkono na Vasconcelos, na kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba ilikusudiwa pia kuwajibu watetezi wa haki za wanawake wa Yucatán waliokuwa wakiusaili wajibu wa mwanamke kama mzazi. Siku ya Mtoto, tarehe 30 Aprili, ilianza 1924. Serikali iliyokuwa ikipigana na kanisa, mgogoro uliozaa vita vya Wakristero vya 1926 hadi 1929, ilihitaji kalenda yake yenyewe.

Jaribio moja la wakati huo lina mafunzo makubwa. Tarehe 23 Desemba 1930, katika uwanja wa taifa, Quetzalcóatl, mungu wa Meksiko ya kale, aliigizwa akiwagawia maelfu ya watoto zawadi mahali pa Mamajusi na Baba Krismasi. Wazo lilikuwa la kizalendo, mahali palifaa, na asili yake ilikuwa ya kale kuliko zote. Halikuota mizizi.

Gwaride la machipuko, ambalo halikuwa na ukale wa kujivunia, limeota. Tofauti iko wapi? Eric Hobsbawm na Terence Ranger, katika kitabu walichokihariri mwaka 1983, walitufundisha kuyaona mapokeo mengi kuwa ya kubuniwa. Ranger huyohuyo, katika utafiti wake wa 1975 kuhusu ngoma za beni za Afrika Mashariki, alikuwa ameonyesha kwamba sare na bendi zilizoigwa kutoka kwa Wazungu zilibeba ushindani na fahari ya wenyeji wenyewe; na mwaka 1993 alikiri kwamba neno "kubuni" halitoshi, kwa kuwa humtazama aliyeanzisha na kuwasahau wanaoendeleza. Sherehe ya Quetzalcóatl ilikuwa na mwanzilishi bila waendelezaji. Mtoto alikuja uwanjani kupokea. Katika gwaride la machipuko, mtoto ndiye mtendaji, na nyuma yake yuko mtu aliyekesha akishona.

Maleba na Matabaka

Tukiingia katika maleba yenyewe, tunakuta mvutano wetu umeandikwa juu ya mwili wa mtoto. Shule huamua darasa lipi litakuwa maua na lipi litakuwa wadudu. Mzazi hulazimika kununua au kutengeneza. Karatasi ya krepu, waya na gundi si ghali, lakini muda ni ghali kwa mama anayetoka kazini usiku. Na maduka hukodisha mabawa yaliyo tayari kwa wenye uwezo. Watazamaji husoma tofauti hizo mara moja. Nyuki aliyeshonewa nyumbani na nyuki wa dukani hupita bega kwa bega, na hakuna asiyejua yupi ni yupi.

Taji ni ushahidi mwingine. Katika shule nyingi malkia na mfalme hupatikana kwa kura zinazouzwa ili kuchangia mahitaji ya shule. Mtoto ambaye jamaa zake wamenunua nyingi ndiye anayevikwa taji. Uchumi huu una manufaa, maana paa hutengenezwa na viti hupatikana. Hata hivyo, inashangaza kwamba jamhuri iliyompiga risasi Maximilian, mfalme iliyoletewa kutoka Ulaya, mwaka 1867 kwa amri ya serikali ya Juárez, huwatawaza wafalme wadogo karibu na siku ya kuzaliwa ya Juárez huyohuyo, na kuwachagua kwa fedha.

Tunarejea sasa kwa yule mvulana mwenye koti jeusi. Juárez huigizwa kwa namna mbili: kama rais mwenye koti, au kama mchungaji mwenye nguo nyeupe za pamba, kofia ya ukindu na fimbo. Kati ya maleba hayo mawili imefupishwa hadithi nzima ambayo dola huwasimulia watoto: Mhindi maskini akasoma, akabadili nguo, akawa taifa. Ni hadithi ya kweli na ya kutia moyo. Lakini ina upande wake wa pili. Mzapoteki huonekana katika gwaride kama hatua ya kuvukwa, kama nguo inayovuliwa. Mtoto wa mjini huvaa uenyeji kwa saa mbili kisha akaurudisha sandukuni, ilhali mtoto wa kijiji cha Oaxaca, ambaye bibi yake huvaa vile kila siku, hupelekwa shuleni ajifunze kuvua. Uhakiki unaotafuta mabaki ya Waazteki katika mabawa ya kipepeo huwapita Wahindi walio hai waliosimama kando ya barabara ileile.

Uzito wa jambo hili umezidi tangu mwaka 2002, katiba ilipofanya elimu ya chekechea kuwa ya lazima. Sherehe iliyokua katika shule chache za mijini sasa ni ya takriban kila mtoto. Aliyewahi kubaki mtazamaji ameingizwa katika msafara, na pamoja naye yameingia maswali ya lugha yake, mfuko wa mama yake na nguo za bibi yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba gwaride la machipuko la watoto wa Meksiko halina asili moja. Umbo la msafara limerithiwa kutoka kanisani, tarehe inatoka katika kalenda ya dola, fumbo la bustani lilitoka Ujerumani, na majira yenyewe yametoka vitabuni. Ngoma ya Xochiquetzal inasimama mbali, kama picha nzuri inayofanana, nasi tunakosea tukiigeuza kuwa mama mzazi. Kilichoviunganisha vipande hivi ni kazi ya kila mwaka ya walimu na wazazi, na kwa hiyo ndiyo inayopaswa kuwa kitovu cha uhakiki wetu.

Fundisho hili linatuhusu sisi tunaosomesha fasihi simulizi katika vyuo vyetu. Tumekuwa wepesi wa kuuliza ngoma imetoka wapi, na wazito wa kuuliza ni nani aliyegharimia maleba, nani aliyeachwa nje ya duara, na mtendaji alikuwa na hiari kiasi gani. Swali la mwisho ni gumu zaidi pale mtendaji anapokuwa na umri wa miaka minne. Mtoto hakuchagua kuwa nyuki. Lakini yeyote aliyewahi kulitazama gwaride la watoto anajua kwamba kabla ya kufika mwisho wa barabara yuko mmoja atakayeketi chini na kuvua mabawa, na mwingine atakayetoka mstarini akimkimbilia kipepeo wa kweli. Watazamaji hucheka, mwalimu huwarejesha. Katika vurugu hiyo ndogo mtoto husema neno lake mwenyewe, nalo linastahili kuandikwa katika historia ya sherehe hii pamoja na amri za marais.